Uzi maalum: Toyota Harrier kuanzia 1997 hadi leo, ilivyoundwa, injini zake na tofauti ya kila toleo

#1 (Mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mjadala wa Harrier unaishia pale pale. Mmoja anasema ni gari laini, halivumilii shida. Mwingine anasema hajaona gari linalotulia barabarani kama hilo. Wote wana hoja, na chanzo ni kimoja: Harrier haikutoka kwenye ukoo wa Land Cruiser. Ilitoka kwenye ukoo wa Camry, ikainuliwa juu. Ukilishika hilo, mengine yote kuanzia springi mpaka difu yanaeleweka. Nimeona tulijadili toleo kwa toleo, na mwenye nyongeza asisite kuiweka.

Tuanzie nyuma kidogo. Miaka ya 1990 mtu akitaka gari la juu lenye hadhi, alipewa gari la fremu, yaani bodi imekalishwa juu ya chesisi inayojitegemea, sawa na pikapu. Lexus mwaka 1996 walichukua Land Cruiser 80, wakaipamba wakaiita LX 450. Mercedes-Benz M-Class ya 1997 nayo ilikuwa ya fremu. Magari ya namna hiyo yanabeba na yanapanda, lakini ni mazito, yanalala kwenye kona na yanakunywa mafuta. Wakati huohuo Toyota walishaona kwa RAV4 ya 1994 kwamba gari lisilo na fremu, lililoinuliwa kidogo, linapendwa sana. Shida ni kwamba RAV4 ilikuwa ndogo na haikuwa na anasa. Palikuwa na nafasi wazi kwa gari la ukubwa wa kati, lenye utulivu wa saluni, lakini dereva amekaa juu na tumbo la gari halikwaruzi chini.

Februari 1997, kwenye maonesho ya magari ya Chicago, Lexus walionesha gari la mfano lililoitwa SLV. Desemba mwaka huohuo gari lenyewe likaingia sokoni Japani kwa jina la Toyota Harrier, kwa sababu chapa ya Lexus ilikuwa bado haijafunguliwa Japani (ilifunguliwa 2005). Mwaka 1998 likafika Marekani kama Lexus RX 300. Kwa hiyo wale wanaogombana kama Harrier ya kwanza ni Toyota au ni Lexus, ni gari lilelile, limetoka kiwanda kilekile cha Kyushu. Tofauti ni nembo, usukani na vifaa vya ndani. Harrier ya Japani ilibeba nembo yake ya ndege mwindaji kwenye grili, na matangazo yake yalimwonesha mtu mwenye kichwa cha simba akiwa ndani ya suti rasmi. Sijaona tangazo lililoeleza nia ya wabunifu vizuri kuliko hilo.

Kiufundi, chini ni Camry ya wakati ule. Injini imelazwa kwa upana, nguvu inaanzia magurudumu ya mbele, na kila gurudumu lina springi na shokapu yake, hata nyuma. Hapo ndipo utulivu wake unapotoka. Injini zilikuwa mbili: 2.2 yenye silinda nne (5S-FE) na 3.0 ya V6 (1MZ-FE). Mwishoni mwa mwaka 2000 ile 2.2 iliondolewa ikaja 2.4 (2AZ-FE), na kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi, maana 2.2 ilikuwa inahangaika na uzito wa bodi ile. Giaboksi ni otomatiki ya gia nne kwa zote.

Naishia hapa kwa toleo la kwanza. La pili nitalileta baadaye.

#2

Asante mkuu kwa uzi mzuri. Ila kuna jambo moja napinga. Kuna Harrier za 4WD zisizo na gia nzito (ile gia ya ziada ya kwenda polepole kwa nguvu kubwa). Sasa 4WD hiyo ni ya nini? Nikizama kwenye tope inanisaidia vipi? Mimi naona ni uzito wa bure na mafuta ya bure.

#3 (Mwanzisha uzi)

Mkuu #2, swali lako nalijibu kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo gari hili linapoonewa zaidi.

4WD ya toleo la kwanza na la pili (haibridi iko tofauti) inafanya kazi muda wote, haina kitufe. Difu ya kati inagawa nguvu nusu mbele, nusu nyuma. Pamoja na difu hiyo kuna kifaa chenye visahani vingi vyembamba vilivyozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakiteleza na kuzunguka haraka kuliko ya nyuma, visahani vinapishana kwa kasi, yale mafuta yanapata joto na kukaza, na nguvu inasukumwa upande wenye mshiko. Hayo yanatokea yenyewe, dereva hashiki chochote.

Kazi ya mfumo huo ni kukuzuia usifike kwenye kuteleza. Fikiria lami iliyolowa, kona ya changarawe, mlima wa udongo baada ya mvua. Pale gari la kuvuta mbele linapoanza kupoteza mwelekeo, Harrier ya 4WD inaendelea kwenda ulikoelekeza usukani. Kuitoa kwenye shimo lililomeza magurudumu mpaka kwenye ekseli ni kazi ya gari la fremu lenye gia nzito na difu za kufunga, na mwenye mazingira hayo kila siku asinunue Harrier kabisa. Naliheshimu sana gari hili, ndiyo maana sipendi lipelekwe kwenye kazi isiyo yake halafu litukanwe.

Jambo la muhimu kwa wenye 4WD hizi: tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika sawasawa. Ukifunga mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma, mzunguko unatofautiana, kile kifaa cha silikoni kinadhani kuna kuteleza muda wote, kinafanya kazi bila kupumzika na kinaungua. Gari linaanza kukaza ukikata kona kali kwa mwendo mdogo. Watu wengi wakifika hapo wanabadilisha difu bila sababu.

#4

Salaam wakuu. Mimi ni fundi wa injini, naomba niongeze kwenye injini za hizo Harrier za mwanzo maana ndizo naziona mara nyingi.

1MZ-FE, ile V6 ya 3.0, ni injini tamu, ina sauti laini na inavuta. Lakini inatumia mkanda wa taiming, si cheni. Ukinunua gari na hujui mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe pamoja na pampu ya maji, usisubiri. Wengi tunahesabu kilomita 100,000. Jambo la pili ni oili kuganda. Hili si porojo za gereji: mwaka 2002 Toyota wenyewe walifungua mpango maalum Marekani kwa wateja wenye 5S-FE na 1MZ-FE za miaka 1997 hadi 2002, kwa sababu oili iligeuka kuwa kama tope ndani ya injini, na RX 300 ilikuwemo. Fungua kifuniko cha kuwekea oili, angalia ndani kwa tochi. Ukiona tope jeusi limegandamana, ondoka. Ukiona chuma kina rangi ya kahawia nyepesi tu, injini hiyo ilitunzwa. Badilisha oili kwa wakati, na usisahau kivalvu kidogo cha kutoa hewa chafu ya injini, kikiziba kinaharakisha hilo tatizo.

2AZ-FE ya 2.4 ni ya cheni, na kwa matumizi ya kawaida inatosha. Ugonjwa wake wa kwanza ni nyuzi za bolti za silinda hedi zinazong'oka kwenye bloku la aluminiamu, hasa zile za nyuma ya injini, upande unaoelekea walikokaa dereva na abiria, pale pasipoonekana kirahisi. Dalili ni maji ya rejeta kupungua bila kuona yanapovujia, halafu joto kupanda. Kubadilisha gasketi peke yake ni kupoteza hela. Lazima bloku litobolewe na kuwekewa nyuzi mpya za chuma. Ugonjwa wa pili, kwa zile za kuanzia 2006 hivi, ni kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Mwenye 2.4 awe na tabia ya kupima oili kwa kijiti, asisubiri taa.

#5 (Mwanzisha uzi)

Mtaalamu #4, ubarikiwe. Hiyo ya kijiti cha oili ningependa kila mwenye 2.4 aisome mara mbili.

Sasa toleo la pili, Februari 2003, lile ambalo wengi wanaliita tako la nyani kwa umbo la nyuma. Kwangu mimi hili ndilo toleo ambalo Toyota waliweka moyo wote. Gari lilirefuka, umbali kati ya tairi ya mbele na ya nyuma ukaongezeka karibu sentimita 10. Kiti cha nyuma kikapata nafasi ya miguu ambayo toleo la kwanza haikuwa nayo.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Harrier hii ndiyo iliyoanza na mfumo wa Toyota wa kujiandaa kabla ya kugonga, unaotumia rada. Ikiona ajali haikwepeki, inakaza mikanda ya viti yenyewe na kuandaa breki ziume kwa nguvu zaidi mara dereva anapokanyaga. Mwaka 2003! Leo tunaona mifumo ya namna hiyo kwenye magari madogo na tunaona ni kawaida. Pia kulikuwa na daraja lenye saspensheni ya hewa, unaweza kulipandisha gari au kulishusha. Ni raha ikiwa nzima, lakini mifuko ya hewa ni mpira, na mpira unazeeka. Ukilikuta gari limelala upande mmoja asubuhi, ujue hewa imetoka usiku.

Injini zilianza na 2.4 na 3.0 zilezile. Mwaka 2006 V6 ya 3.0 ikapisha 3.5 (2GR-FE) yenye nguvu farasi 280 na giaboksi ya gia tano. Hii inashika kasi kwa namna ambayo hutegemei kwa gari la umbo hili, na ni ya cheni. Cha kuangalia ni bomba dogo la oili linalopeleka presha kwenye mfumo wa valvu. Lilikuwa na kipande cha mpira kinachoweza kupasuka na kumwaga oili yote kwa dakika chache. Lililoboreshwa ni la chuma tupu. Kagua, na kama bado lina mpira, badilisha kabla ya safari ndefu.

Sokoni Marekani toleo hili liliitwa RX 330, na Septemba 2003 likaanza kuundwa pia Cambridge, Ontario, nchini Kanada. Ilikuwa Lexus ya kwanza kuundwa nje ya Japani.

Halafu 2005 ikaja haibridi.

#6

Hapo kwenye haibridi ndipo nilipokuwa nasubiri. Naomba mnieleze wakuu: ile Harrier haibridi ya 2005 inatofautianaje na hizi haibridi za sasa? Na betri ikichoka gari linakuwaje? Nimeipenda, ila kila ninayemuuliza ananitisha.

#7 (Mwanzisha uzi)

Karibu sana, na usitishike, elewa tu unachonunua.

Ile ya 2005 (kwa wenzetu RX 400h) ina V6 ya 3.3, na juu yake mota mbili za umeme. Mota ya mbele ina kilowati 123, ya nyuma kilowati 50. Jumla nguvu farasi 272. Ya nyuma ndiyo inayozungusha magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukichungulia chini hukuti propela shafti kabisa. Waliita mfumo huo E-Four. Maana yake 4WD ya gari hili ni ya umeme, nzuri kwa kuondokea na kwenye utelezi, lakini mota ya kilowati 50 haitakupandisha mlima wa mawe.

Lengo lao lilikuwa kupata nguvu ya injini kubwa kwa mafuta ya injini ndogo. Anayetarajia ulaji wa Prius atasikitika. Anayeilinganisha na V6 ya kawaida atafurahi, hasa kwenye foleni, maana pale injini inazima na gari linatambaa kwa umeme.

Betri ni ya nikeli, volti 288, imepangwa kwa moduli 30 chini ya kiti cha nyuma, na umeme wake unapandishwa mpaka volti 650 kwenda kwenye mota. Ikichoka gari haliwi kama lenye betri ndogo iliyokufa, ambalo ungelisukuma likawaka. Injini ya gari hili inawashwa na mfumo huohuo wa umeme mkubwa, kwa hiyo betri ikifa kabisa gari halitembei. Habari njema ni kwamba mara nyingi huanza moduli chache, na kompyuta inaonesha mapema. Zipime kwa mashine kabla ya kununua, moja baada ya nyingine, usikubali maneno. Betri hiyo inapozwa kwa feni zinazovuta hewa ya ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma. Mtu akijaza mizigo na mablanketi hapo, akaziba matundu, anaiua betri mwenyewe. Na nyaya zote za rangi ya machungwa asiziguse fundi ambaye hakusomea umeme mkubwa. Hapo ni uhai wa mtu.

#8

Na ile ya 2014 wanayoiita Anaconda? Wengine wanasema ni RAV4 iliyovalishwa suti.

#9 (Mwanzisha uzi)

Mkuu, kuna ukweli ndani yake.

Januari 2009 RX mpya ilianza kuuzwa Japani kwa jina la Lexus, kwa hiyo undugu wa Harrier na RX ukakatika hapo. Harrier ya 2003 iliendelea kuuzwa pembeni mpaka mrithi wake alipokaribia. Mrithi aliingia sokoni mwishoni mwa 2013, akiwa kwanza wa soko la Japani, na chini alisogea karibu na RAV4. V6 ikaondoka. Ikabaki 2.0 (3ZR-FAE) yenye nguvu farasi 151 na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), na kuanzia Januari 2014 haibridi ya 2.5 yenye jumla ya 197. Uzuri wa ndani uliongezeka, dashibodi imeshonwa kama kiti, lakini ile nguvu ya zamani haipo. Ukipakia watu watano na mizigo, 2.0 inalalamika mlimani. Mimi naona walilikosea gari hili kwenye injini, na nadhani wenyewe walilijua, maana Juni 2017 walileta 2.0 ya turbo yenye nguvu farasi 231 na gia sita za kawaida. Hiyo ya turbo ndiyo Anaconda ninayoiheshimu.

4WD yake pia ilibadilika. Kwa kawaida inavuta mbele, nyuma inaitwa na kompyuta pale inapohitajika, mpaka nusu ya nguvu. Mafuta yanapungua, lakini si ile 4WD ya muda wote niliyoisifia juu. Na CVT hizi, mafuta yake ni ya aina yake. Usimwachie mtu akuwekee mafuta ya otomatiki ya kawaida.

Toleo la nne lilianza kuuzwa Juni 2020. Hapa Harrier imerudi nyumbani, kwenye msingi mmoja na Camry wa GA-K, na unaisikia barabarani: imekaa chini zaidi, haiyumbi, kimya. Urefu milimita 4,740, upana 1,855, kimo 1,660. Injini ni 2.0 mpya ya nguvu farasi 171, au haibridi ya 2.5 yenye 218 (222 kwa E-Four). Kwa vipimo vya Japani vya WLTC, 2.0 ya kuvuta mbele inatoa kilomita 15.4 kwa lita, haibridi yake 22.3. Oktoba 2022 ikaongezwa haibridi ya kuchomeka kwenye umeme, nguvu farasi 306, yenye uwezo wa kwenda hadi kilomita 93 bila kuwasha injini. Amerika Kaskazini iliuzwa kama Venza mpaka toleo la 2024.

Kioo cha juu kinachogeuka kuwa cheupe kwa kitufe, na kioo cha kati ambacho ni skrini inayorekodi mbele na nyuma, ni vya kupendeza. Ile nembo ya ndege wameiondoa wakaweka ya Toyota. Imeniuma.

#10

Mkuu uzi umeshiba, ila mimi mwenye familia kubwa sijaona nafasi yangu. Buti ya hizi mpya imelala mno nyuma, na hakuna toleo hata moja lililokuwa na viti saba. Kluger ya mwaka 2000 imetoka kwenye Camry hiyohiyo, injini hizohizo za 2.4 na 3.0, na baadaye ikapewa safu ya tatu. Kwa nini mtu asichukue Kluger?

#11 (Mwanzisha uzi)

Kaka, kwa mahitaji yako chukua Kluger, wala sibishani. Ni ndugu wa damu, mapishi yaleyale ila sahani pana zaidi. Harrier tangu mwanzo iliundwa kwa watu wanne au watano wanaotaka kusafiri kwa utulivu, na mgongo ule uliolala ni gharama ya umbo. Wabunifu waliamua hivyo kwa kujua.

#12

Swali la mwisho kwangu. Muuzaji anasema gari ni 4WD, nyuma hakuna maandishi yoyote. Nitajuaje bila kuingia chini?

#13 (Mwanzisha uzi)

Fungua boneti, tafuta kibao cha utambulisho, soma namba ya modeli. Herufi za mwanzo zinataja injini na tarakimu zinataja toleo na mfumo wa kuvuta.

Toleo la kwanza ni SXU (2.2), ACU (2.4) au MCU (3.0), ikifuatiwa na 10 au 15. La pili ni ACU, MCU au GSU (3.5) yenye 30 na kitu, na haibridi ni MHU38. La tatu ni ZSU60 au ZSU65, turbo ni ASU60 au ASU65, haibridi ni AVU65. La nne ni MXUA80 au 85 kwa 2.0, AXUH80 au 85 kwa haibridi, na AXUP85 kwa ya kuchomeka.

Tarakimu ya mwisho ikiwa 0 au 1, gari linavuta mbele tu. Ikiwa 5 au zaidi, ni 4WD. Kwa hiyo ACU30 ni 2.4 ya kuvuta mbele, na ACU35 ni 2.4 ya 4WD. Muuzaji akisema 4WD na kibao kinasema ACU30, amini kibao. Piga picha kibao hicho pia, duka la vipuri litakuuliza namba hiyo kabla ya kukuuzia hata bushi.